Zabibu za Msimu Huu



Usiku ule wa mwisho, chakula kilipokwisha kuliwa na miguu ilipokwisha kuoshwa, na Yuda Iskariote alipokwisha kutoka nje na shauri lake la siri, Yesu alibakiwa na wasaa mchache mno wa kusema na wale kumi na mmoja. Na mtu ajuaye kwamba atakamatwa kabla ya jogoo kuwika hasemi maneno ya kupitishia wakati, bali huusia yale ambayo watu wake wasipoyashika watapotea. Ndiyo sababu hustaajabu kila nisomapo sura ya 15 ya Injili ya Yohana, kwa kuwa katika saa nzito kama ile hakuwapa wanafunzi wake mpango wa kueneza dini, wala hakuwagawia vyeo, wala hakutaja nani atashika mfuko wa fedha sasa ambapo mwenye kuushika amekwisha kwenda zake, ila aliwapa habari za mti: kwamba yeye ndiye mzabibu ulio wa hakika, na Baba yake ndiye mwenye kuulima, na wao ni matawi, na kwamba tawi likitengana na shina lake halina liwezalo.

Wale waliomsikia hawakuhitaji kufafanuliwa mzabibu ni nini. Tangu utotoni walisikia manabii wakiufananisha na taifa lao, na aghalabu kwa kulaumu: Isaya alilisikitikia shamba lililotunzwa kwa kila hali, nalo likatoa zabibu mwitu, mtunzi wa Zaburi ya 80 aliomboleza mzabibu ulioletwa kutoka Misri, ukapandwa, ukaenea, kisha ukavunjiwa ua wake na kuliwa na nguruwe wa porini. Fauka ya hayo, Josephus, mwandishi wa tarehe za Wayahudi wa karne ile ya kwanza, amesimulia kwamba juu ya mlango wa hekalu alilolijenga Herode palikuwa na mzabibu wa dhahabu, na vichala vyake virefu kama kimo cha mtu. Yamkini wavuvi wale wa Galilaya waliutazama juma lile lile, wakaduwaa. Mzabibu wa dhahabu hautaki maji wala mkulima, haupukutishi majani, hauogopi nzige. Lakini tangu siku ulipowekwa pale hakuna mwenye njaa aliyekula zabibu yake hata moja.

Na Ezekieli, nabii asiyejua kubembeleza, aliuliza swali ambalo kila Mkristo angepaswa kuulizwa mara moja kwa mwaka: mti wa mzabibu wafaa nini? Mvule hupasuliwa mbao, na mwembe uliokoma kuzaa hubaki na kivuli chake, watu wakaketi chini yake wakazungumza. Lakini mzabibu, asema nabii, hata kigingi cha kutundikia chungu hakipatikani kwake. Umeumbwa kwa kazi moja tu, na ukiikosa hiyo, kilichobaki ni kuni. Nadhani watu wengi wa Kanisa, nami simo nje ya hesabu hiyo, tungependelea kuwa mwembe, tuwe na faida nyingine ya akiba pindi matunda yakikosekana: tuheshimiwe kwa elimu yetu, au kwa ukoo wetu, au kwa kuwa tumekalia benchi lile la mbele tangu enzi za babu zetu.

Watu wa pwani wamelelewa na mnazi na mkarafuu, na wa bara wamelelewa na mgomba na mbuni, kwa hiyo mzabibu kwa wengi wetu umekuwa mti wa kitabuni, isipokuwa kwa wakazi wa Dodoma. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, mapadri wa misheni ya Bihawana waliupanda, nao ukaikubali ile nchi ya Wagogo yenye mvua haba na kiangazi kirefu ambacho kingekausha miti mingi isiyo na subira. Kwa kuwa nchi zetu hazina majira ya baridi ya kuulaza mti, mkulima wa Dodoma huulaza na kuuamsha kwa makasi yake, akaupogoa mara mbili na kuuvuna mara mbili kwa mwaka. Anayeliona shamba mara ya kwanza baada ya kupogolewa hudhani limeharibiwa na adui, kwa maana fito zilizokuwa zimetambaa kila upande zimekatwa karibu zote, nazo hazikuwa zimeoza wala kuugua. Zilikuwa nzima na zenye majani ya kupendeza. Mkulima ameacha macho machache tu juu ya vifito vifupi, kisha akaenda zake kungoja.

Angoja nini? Hapa pana siri ya mti huu, nayo naomba muishike. Mzabibu hauzai katika mti wake mkongwe. Shina liwe nene kadiri liwavyo, liwe limekula miaka ishirini ardhini, kichala hakitoki katika lile gome gumu. Hutoka katika chipukizi jipya la msimu ule ule, laini bado, lililochomoza katika jicho ambalo makasi yalilisaza. Shina kongwe lina kazi yake, na ni kubwa, ya kupandisha maji na kuhifadhi chakula. Lakini mvuno wa mwaka huu hutoka katika kilichoota mwaka huu. Na mti ukiachwa usipogolewe, kwa huruma au kwa uvivu, hautakufa upesi, bali utastawi ajabu kwa majani na fito hata ugeuke kichaka, na zabibu zake zitazidi kuwa ndogo na kali, mpaka mwenye shamba ajiulize analisha nini.

Kichaka cha namna hii tumekwisha kukiona katika maisha ya dini. Kuna mtu ambaye ratiba yake ya juma haina nafasi ya kupenyeza sindano: Jumatatu kwaya, Jumanne kamati ya ujenzi, Jumatano kikundi cha maombi, Alhamisi semina, na Jumapili nzima amesimama na kipaza sauti mkononi, ilhali mkewe hajasikia neno jema kutoka kinywani mwake tangu mwezi mwandamo, na kijana wa kazi wa nyumbani kwake hajalipwa. Hayo yote anayoyafanya si maovu. Kwaya si dhambi. Lakini majani nayo si maovu, na kila mkulima huyapenda kwa kiasi chake. Uovu ni kuyahesabu kuwa mavuno. Tunda lina alama moja iliyo bayana, nayo ni kwamba haliliwi na mti uliolizaa. Huliwa na mwingine apitaye na njaa yake. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama maisha yake ya Ukristo yana tunda, asijiulize nafsi yake, maana nafsi ni shahidi wa kuhongwa. Aende akaulize walio chini yake, wale wasio na uwezo wa kumkopesha sifa.

Basi kukaa ndani ya Kristo ni nini? Wengi wameelezwa kana kwamba ni hali ya moyo kuwaka, ya machozi na njozi, hata anayekosa machozi hujiona amekwisha kukatwa akatupwa. Yesu mwenyewe hakuanza huko. Katika maneno yake ya usiku ule alisema juu ya maneno yake kudumu ndani ya wanafunzi, na juu ya kuzishika amri zake kama yeye alivyozishika za Baba, na juu ya kupendana. Furaha aliitaja, lakini aliitaja kuwa matokeo ya mambo hayo, si mlango wa kuyaingilia. Tawi halihisi utomvu ukipita. Mtu aliyesoma aya tano alfajiri kabla ya kwenda sokoni, akatembea nazo kutwa, na moja yao ikamzuia saa nne asubuhi asipunje mizani, huyo amekaa kuliko aliyepitia sura kumi mbio mbio ili aweke alama katika kalenda yake. Na anayeomba dua fupi kavu, isiyo na utamu wowote, kwa sababu ameahidi kuomba, asidhani ametupwa; pengine huo ndio uaminifu ulio safi zaidi, maana haukulipwa hata kwa hisia.

Lakini tusiliseme jambo hili hewani, ilhali katika nchi zetu hizi lina tarehe yake. Katika mashariki ya Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, pana mahali paitwapo Gahini, ambapo wamisionari wa Kianglikana walikuwa na hospitali. Daktari wa Kiingereza aitwaye Joe Church alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1920, akakuta njaa kuu iliyowaangamiza watu wengi mnamo 1928 na 1929. Alihangaika na wagonjwa na wenye njaa mpaka nguvu za mwili zikamwisha, na iliyo mbaya zaidi, na zile za moyo zikamwisha pia; akaenda Kampala mwezi wa Septemba 1929, mtumishi wa Mungu aliyejaa kazi na mtupu ndani. Kule Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa na kiu ile ile, wakaketi pamoja siku mbili wakisoma Maandiko juu ya Roho Mtakatifu na kuomba. Mnajua ilivyokuwa katika siku zile za ukoloni: Mzungu alikuwa mwenye kufundisha, Mwafrika mwenye kufundishwa. Hawa wawili waliketi kama watu wawili wenye njaa mbele ya sahani moja, na nionavyo mimi, hiyo peke yake ilikuwa tayari tunda.

Daktari aliporudi Gahini mambo hayakunyooka mara moja. Palikuwa na ugomvi kati ya wahudumu wa hospitali, na mkuu wao, Yosiya Kinuka, alikuwa amechoshwa kabisa na hali ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza uovu wa kila mtu pale hospitalini. Na Nsibambi, baada ya kumsikiliza, akamgeuzia neno kwamba mzizi wa shida ile autafute ndani ya moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi nyumbani akiwa amekatwa, na njiani akasalimu amri kwa Mungu. Naye Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu pale Gahini. Aliandaa mambo ya kuuliza mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda, juu ya ubaridi wa Wakristo na juu ya watu waishio hadharani katika dhambi huku wakiikaribia meza ya Bwana bila kuulizwa, lakini homa ilimwua mwezi wa Januari 1936 kabla hajapata kuyasema. Yalisemwa na wengine, na moto ule ukapita Kigezi na Buganda, ukaingia Kenya na Tanganyika, ukaitwa Uamsho, na wafuasi wake Baganda wakawaita Balokole, yaani waliookoka.

Na nini kilichowashangaza majirani, hata wale wasiopenda kelele zao? Si nyimbo, ingawa nyimbo zilikuwapo usiku kucha. Kilichowashangaza ni watu kurudisha mali. Mtu aliyeiba blanketi za hospitali alizirudisha mchana, watu wakimtazama. Aliyedhulumu ng'ombe alikwenda kwa mwenyewe akamwambia. Karani alimwendea bwana wake na fedha ambazo bwana yule hakujua kwamba zimepotea. Wanaume waliokuwa wakila peke yao kwa desturi ya wazee wakaanza kula na wake zao na watoto. Wamisionari, si wote lakini baadhi, walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao cha rangi, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa gumu kuliko kurudisha ng'ombe. Na Kenya ilipoingia katika hali ya hatari mwaka 1952, wapo ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, na wakakataa vile vile kushika bunduki za serikali dhidi ya jamaa zao, wakachukiwa na pande mbili. Baadhi yao waliuawa. Unaweza kubishana nao juu ya siasa yao, na wako wengi wanaobishana nao hata leo kwa hoja nzito, lakini huwezi kusema kwamba lile lilikuwa jani.

Ingekuwa raha kukomea hapo, na wasemaji wengi wa habari hii hukomea hapo, kwa sababu sehemu inayofuata inauma. Nchi ile ile ambamo Gahini imo, nchi ambayo kwa miaka 60 ilisifiwa katika makanisa ya dunia kuwa chimbuko la Uamsho, na ambayo wakazi wake walio wengi mno walikuwa Wakristo waliobatizwa, mwaka 1994 ilikuwa nchi ya mauaji ya kimbari. Watutsi walikimbilia makanisani, kule Ntarama na Nyamata na kwingineko, wakidhani madhabahu itawasetiri, wakauawa humo humo, na katika wauaji walikuwamo watu waliokuwa wameshiriki nao ibada. Baadhi ya viongozi wa makanisa, la Anglikana mojawapo, lile lile lililozaliwa na misheni ya Gahini, walikosa sauti ya kukemea, wakaitetea serikali. Mkristo mwenye haya hawezi kulipitia jambo hili kwa haraka akijifariji kwamba wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Neno hilo ni jepesi mno, na kila dini hulisema juu ya watu wake wabaya.

Mimi naliona kwa njia ya ule mti wa Dodoma. Babu aliyerudisha blanketi mwaka 1935 alizaa tunda lake, na lililiwa, na thawabu yake iko kwa Mola; lakini tunda lile halikuwekwa ghalani kwa ajili ya mjukuu wake wa 1994. Mjukuu alirithi shina: alirithi ubatizo, na nyimbo, na msamiati wa toba, na jina jema la familia iliyookoka, gome nene la kutosha. Kile ambacho hakuweza kukirithi ni chipukizi la msimu wake. Wazee wa Uamsho wenyewe walilijua hili, ndiyo maana walikuwa wakikutana kila juma na kuulizana, bila kubembelezana, dhambi ya juma lile ni ipi. Na hatari ilianza pale ushuhuda ulipogeuka kuwa hadithi ya zamani iliyosimuliwa kwa maneno yale yale kila mwaka, siku na saa ya kuokoka ikitajwa kwa usahihi, huku juma lililopita likifunikwa. Wengine waligeuka kuwa wapima wenzao, wakakagua mavazi na mikufu, ilhali chuki ya kabila ilikaa chini ya meza ikilishwa makombo, kwa kuwa haikuwa katika orodha ya dhambi zilizozoeleka kuungamwa. Makasi hayakufika pale. Na sisi Watanzania na Wakenya tusitikise vichwa kana kwamba twasimuliwa habari za watu wengine; nasi tuna tusiyoyaungama, na kila mmoja anajua la kwao.

Hata hivyo mwaka ule ule, katika nchi ile ile, kulikuwa na machipukizi. Katika mji wa Gisenyi, mpakani mwa Kongo, mwanamke mmoja Mkatoliki, mlei aliyejiweka wakfu kwa Mungu, jina lake Félicité Niyitegeka, alikuwa akisimamia kituo cha Mtakatifu Petro. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, na hakuna aliyekuwa akimtafuta. Aliwapokea Watutsi waliokimbia, akawasaidia waliowezekana kuvuka mpaka usiku, na wengine akabaki nao. Kaka yake alikuwa afisa wa jeshi, akampelekea habari ajitoe mle ndani ajiponye. Naye akamjibu kwa barua kwamba asingeweza kujiokoa na kuwaacha watu aliokuwa nao, na kwamba ni afadhali afe pamoja nao, akamwomba kaka huyo amwombee. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja na wale aliowahifadhi, na leo taifa la Rwanda limemweka katika daraja la mashujaa wake liitwalo Imena.

Usiku ule wa chumba cha juu, katika habari ile ile ya mzabibu, Yesu alisema kwamba hakuna apendaye kuliko yule atoaye uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Mara nyingi tunalitenga neno hili na ule mti, tukalisoma kwenye mazishi ya askari, kana kwamba ni habari nyingine. Lakini ni habari moja, mstari kwa mstari, na Félicité aliisoma kwa ukamilifu wake. Watu wa namna yake hawafanywi kwa siku moja ya hatari. Mlango ulipogongwa hapakuwa na wakati wa kuanza kujifunza kupenda. Aliyefungua alikuwa mtu aliyekwisha kuwapa wageni chakula na vitanda asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyeziandika, akapogolewa kidogo kidogo mahali pasipoonekana.

Wako wasikilizaji watakaouliza, na wana haki, mbona mwenye kuzaa tunda bora kuliko sote aliishia kuuawa, na mbona mkulima huyu huonekana kuyapeleka makasi kwa matawi yaliyo mema zaidi. Yesu hakulikwepa swali hilo. Mara tu baada ya kumaliza habari ya matunda na urafiki aliigeukia chuki ya ulimwengu, akawaambia wanafunzi wazi kwamba watatolewa katika masinagogi, na kwamba atakayewaua atadhani anamtolea Mungu ibada. Hilo lina mazungumzo yake peke yake, nalo tutalishika juma lijalo, saa hii hii, Mungu akitujalia. Mwenye Biblia na aanze kulisoma mapema, kutoka aya ya 18 ya sura ya 15 mpaka aya ya 4 ya sura ya 16.